Neno la Tano

Jumatatu, 14 Aprili

Mvua tena. Kivuko kimechelewa kuvuka, wenye moto, madereva wetu wa pikipiki, wote wamejazana chini ya bati la ofisi yetu, wananuka petroli na mihogo ya kuchoma. Ujumbe umekuja kutoka Pangi na Kampene. Nimeuingiza kwenye kompyuta kabla betri haijalala. Kutoka Kama, kimya. Huko mtandao unapanda kilimani na kushuka unavyotaka, kama mbuzi.

Jioni darasani. Mwaka wa mwisho wa masta ya biashara, usimamizi wa mifumo ya habari, na bado tunasoma kwa tochi za simu kila jenereta inapokohoa. Prof ametoka Kisangani na ndege ya mizigo. Alikaa juu ya magunia, suti yake ina unga mgongoni, hakuna aliyethubutu kumwambia. Ametuuliza habari ni nini. Honoré, jirani yangu wa dawati, mtu wa benki, akajibu ni namba. Prof akacheka. Namba ni namba, akasema. Inakuwa habari siku inapomfikia mtu ikambadilishia anachotaka kufanya.

Nimeiandika. Nimeipenda.

Amisi, mume wangu, alinisubiri nje na mwavuli. Anaiita shule yangu "masta ya SMS".

Alhamisi, 17 Aprili

Amisi ameondoka kwenda Kama. Paneli za jua za wachimbaji zimekufa, simu hazichajiwi, redio hazisemi, na fundi wanayemwamini ni yeye. Anaendeshwa na Saidi, mmoja wa wenye moto wetu. Paneli alizobeba amezifunga kwa kitenge changu cha zamani, kile cha maua ya njano. Nililalamika kidogo. Akasema, "Acha. Kioo ikivunjika, harufu yako itabaki." Saidi akapiga honi ili tunyamaze.

Kabla ya kutoka ameunganisha waya za paneli yetu ya nyumbani ili kompyuta yangu isife. Anaiita mke mwenzangu. "Niko na wake wawili," huwaambia watu, "mumoja anapika, mumoja anakula umeme."

Sura ya tatu ya memwari, kazi yangu ya mwisho ya chuo, imeanza. Prof ametaka tuandike kama kwa mtu ambaye hajawahi kukanyaga hapa. Basi nimeandika hivi: Njia ya Kindu kwenda Pangi, Kampene na Kama haina barua wala simu ya uhakika. Msafiri akishavuka mto, nyumbani hawajui lolote. Kwa hiyo ushirika wa wenye moto umeweka mtu mmoja kila kituo. Mtu huyo anatuma jina la msafiri na neno moja. Maneno ni manne: AMETOKA, AMEFIKA, AMEHARIBIKIWA, AMECHELEWA. Ofisini Kindu tunaliweka kwenye hifadhidata, na familia inakuja kuuliza.

Manne tu. Nilikuwa nimetunga kumi na moja. Amisi akaniuliza kama nataka wauza sabuni wa Kampene nao wapate masta.

Jumapili, 20 Aprili

AMISI, KAMA: AMEFIKA.

Nimeruka. Salima, binti yetu, akaruka na yeye bila kujua kwa nini.

Mama yangu hakupata neno kama hili. Wakati wa vita vya kwanza, nikiwa mdogo kuliko Salima, mji ulizungukwa, hakuna kilichoingia. Tulikula sombe, majani ya mihogo, bila chumvi mpaka ulimi ukasahau. Baba akavuka mto na wanaume wengine kutafuta chumvi. Mama alikuwa anaenda kwenye nyumba ya foni, ile redio kubwa ya kuongea na watu wa mbali, anakaa kwenye benchi anasikiliza majina ya waume wa watu. La Baba halikuitwa. Tukimuuliza alisema, "Amechelewa." Hakuvaa nyeupe ya eda kamwe. Alikufa akiwa bado mke wa mtu.

Kama kuna sababu ninasoma haya mambo, ni lile benchi.

Alhamisi, 24 Aprili

Siku nzuri, niiandike. Mtihani wa hifadhidata nimepita. Honoré naye, kwa neema za Mungu. Darasa zima lilicheka mpaka mlinzi akaja kuona kama tumelewa. Jioni nimesukwa nywele kwa jirani. Nimejipaka manukato ya kile kichupa cha buluu. Nimepika wali na samaki wa moshi katika mawese, Salima amelala na kijiko mkononi.

Ujumbe wa Kama uliingia alasiri. AMISI: AMECHELEWA.

Nilitabasamu. Paneli moja imezaa nyingine, namjua. Mfumo umepaka jina lake rangi ya njano. Vizuri. Nitamaliza sura ya tatu bila mtu wa kuniambia nifunge kompyuta nije nilale.

Jumatano, 7 Mei

Kama kimya. Kampene kimya. Watu wanavuka kuja huku na magodoro kichwani. Wanasema risasi zimelia njiani, wenye silaha wamefunga daraja. Vita vya Kivu tulidhani viko huko mashariki. Vimenyoosha mguu mpaka kwetu. Ushirika umekataza moto yoyote kwenda.

Wake za wasafiri wanajaa ofisini. Namsomea kila mmoja neno la mwisho nililo nalo. Wengine wanaondoka wamepoa kidogo. Wakishatoka najisomea la kwangu.

Jumamosi, 17 Mei

Yaya Zaina amekuja ofisini. Yaya kwetu ni dada mkubwa, na yeye ni wa Amisi. Anauza nguo sokoni na soko zima linamwogopa.

"Ndugu yangu iko wapi?"

Nikamgeuzia kompyuta.

"Hii njano njo nini?"

Nikamwambia, njano ndiyo AMECHELEWA.

"Amisi? Ule alichelewa hata kuzaliwa. Mukunga alienda soko akarudi, akamukuta bado."

Tukacheka sana. Akaenda kwenye harusi ya jirani yake. Alikuwa amevaa vizuri, kilemba kama jogoo.

Jumatano, 28 Mei

Saidi amekuja. Kwa miguu. Peke yake.

Alisimama katikati ya uwanja, hakukubali kiti. Alikuwa na kitenge changu mkononi, kimekunjwa.

Siwezi.

Ijumaa, 6 Juni

Idd. Sijatoka. Nimevaa nyeupe. Kichupa cha buluu Yaya Zaina amekichukua, mwenye eda hajipaki. Sikumzuia.

Niandike alivyosema Saidi, halafu nisiandike tena.

Homa ilimshika Amisi ghafla. Siku ya pili, Alhamisi, kabla ya adhuhuri, alikata roho. Waislamu wa Kama walimwosha, wakamzika siku hiyo hiyo. Saidi akapanda kilimani kwenye mtandao, akashika simu ya kituo akanitafutia maneno. Wazee wa Kama walikuwa wamemwonya, na yeye mwenyewe alijua. "Yaya, mauti haisemwe kwa simu. Mauti inakuja na miguu ya muntu." Akatazama maneno yangu manne. Akachagua lile lililokuwa karibu zaidi. Alitaka kutoka alfajiri aje kuniambia uso kwa uso. Alfajiri risasi zikaanza. Akakimbilia msituni, moto ikabaki, mguu ukavimba.

Sikumkasirikia. Ndivyo tulivyo. Kwetu simu inaleta "mugonjwa kidogo tu", halafu anakuja mtu, na ukimwona mtu umeshajua, unakaa chini kabla hajafungua mdomo. Ningekuwa mimi kwenye kile kilima ningefanya vile vile.

Mfumo ulifanya kazi. Hilo ndilo linaniuma. Ujumbe ulifika alasiri ile ile.

Jumatatu, 23 Juni

Honoré amekuja mpaka kwenye ua. Hakuingia, anajua. Yaya Zaina amehamia kwangu tangu msiba, ndiye aliyetoka. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia.

"Hodi Mama. Niko na habari ya chuo."

"Chuo gani? Hapa iko kilio."

"Prof anakuja mara moja tu, Mama. Tarehe kumi na sita, mwezi wa tisa. Ndege haziko. Siku ile njo kila mutu atatetea memwari yake. Akikosa, ile masta watakuja kuimaliza wajukuu wake."

"Basi wajukuu watasoma. Weye uko na muke?"

"Ndiyo, Mama."

"Ukikufa leo, atavaa viatu aende kuongea mbele ya wanaume?"

Honoré maskini akaomba radhi kwa kosa asilolifanya. Kwenye ua ameacha kitabu changu cha chuo na mfuko wa sukari.

Yaya Zaina amehesabu kwa vidole mbele yangu. Miezi minne na siku kumi za eda, tangu Saidi alipoingia uwanjani. Inaishia mwezi wa kumi. "Imeisha ile mambo," akasema. Hakusema kwa ubaya. Analia akifua.

Miaka miwili ya jioni. Amisi alikuwa amepigilia msumari ukutani, mahali pa kutundika diploma. Alipima kwa kamba. Nilimwambia atavuta mkosi.

Nataka kwenda kutetea. Sitaki kutoka katika nyumba hii. Yote mawili ni kweli.

Jumamosi, 12 Julai

Alivyokuwa anaonja chumvi kwa kidole cha mwisho. Alivyokuwa anapuliza ndani ya plagi kabla ya kuichomeka, hata plagi mpya. Alivyomwambia Salima kwamba jua linaingia ndani ya waya likiwa limevua viatu. Salima leo amemweleza mtoto wa jirani maneno hayo hayo. Nikaingia ndani.

Hajui kuuliza atarudi lini. Anauliza kama Kama ni mbali.

Jumanne, 22 Julai

Shehe amekuja. Yaya Zaina mwenyewe ndiye aliyemwita, alitaka anieleze vizuri ili niache kuangalia kile kitabu. Amekaa barazani, mzee mwembamba, sauti ya chini. Mimi mlangoni.

Akaniuliza, "Mume wako alifariki siku gani, mwanangu?"

Yaya Zaina akajibu kwa niaba yangu. Tarehe ishirini na nane, mwezi wa tano.

"Hiyo ni siku mliyoambiwa," Shehe akasema. "Mimi nauliza siku aliyofariki."

Tukatazamana. Nikasema, Alhamisi, tarehe ishirini na nne, mwezi wa nne. Akauliza nina hakika. Nikamwambia ujumbe ulitumwa baada ya maziko, siku hiyo hiyo, na uko kwenye kompyuta na tarehe yake. Saidi aliapa.

Akahesabu kwa vidole. Kisha akasema, "Eda haihesabiwi tangu masikio yaliposikia. Inahesabiwa tangu roho ilipotoka. Mwanangu, umeshakaa nusu yake na zaidi. Mwisho wa mwezi wa nane utakuwa huru. Kasome."

Yaya Zaina alisimama. Nilidhani atabisha. Akasema, "Kwa hiyo nilicheza harusi, ndugu yangu iko chini ya udongo?"

Shehe akamwambia aliyecheza bila kujua hana dhambi.

"Sikuuliza dhambi," akasema. Akaenda jikoni. Tukasikia sufuria zinaanguka.

Jumatano, 23 Julai

Watu wanakuja kunipongeza. Kama nimepewa zawadi.

Sikuhitaji kufungua kurasa za nyuma. Najua nilichofanya Alhamisi ile. Nywele. Manukato. Samaki wa moshi. Nilicheka mpaka mlinzi akaja. Sheria inaihesabu siku ile kuwa siku yangu ya kwanza ya kumlilia. Wiki zote zile nilizokuwa natabasamia jina la njano, zimehesabiwa. Zimeandikwa kwa niaba yangu, kama nilikaa.

Sikukaa. Nimenyang'anywa.

Katika somo la hifadhidata tulifundishwa kila jambo lina tarehe mbili, ya kutokea na ya kuingizwa, na kwamba mfumo mzuri unahifadhi zote. Nilipata alama nzuri kwenye swali hilo. Hakuna aliyetuambia kwamba kati ya tarehe hizo mbili kuna mtu anaishi.

Jumapili, 3 Agosti

Yaya Zaina na mimi hatuongei sana. Leo amekuja na mkeka wake, akautandika pembeni ya wangu. Akasema, "Mi pia siku zangu ziliibiwa. Tukae zote mbili." Tumekaa. Alinisimulia jinsi Amisi akiwa mdogo alivyofungua redio ya baba yao kumtafuta mtu anayeongea ndani. Alipigwa. Kesho yake akaifungua tena, pengine mtu alikuwa ametoka kidogo tu.

Tulicheka. Halafu hatukucheka.

Jumapili, 31 Agosti

Eda imeisha. Yaya Zaina ameniogesha, ameniletea nguo ya rangi ya majani. Nimeivaa. Nje mwanga ulikuwa mkali. Nilitembea mpaka kona na kurudi. Mama muuza mkaa akanisalimu "Mama Salima" kama kawaida, kisha akakumbuka, akashika mdomo.

Moyo haujaambiwa kwamba imeisha.

Nimeamua nitatetea. Si kwa sababu ya msumari. Ni kwa sababu katika memwari yangu kuna kosa, na kosa hilo liko barabarani hivi sasa na majina ya watu juu yake.

Jumanne, 9 Septemba

Kazini tangu wiki iliyopita. Njia imefunguka nusu.

Nimejaribu kuongeza neno la tano. AMEFARIKI. Nimeliandika, nikawaita wenye moto na watu wa vituo waliokuwa mjini. Walilitazama kama nyoka ndani ya kikapu. Saidi akasema, "Yaya, ile hapana. Mi niko na heshima kwako, lakini vidole itakataa." Mwingine akasema hata kulibeba ndani ya simu ni kuita mauti. Muuza sabuni wa Kampene akaniuliza kama familia italipata likiwa limefika au limepotea, kwa sababu neno kama hilo likipotea litamwangukia mtu mwingine.

Nikalifuta. Walipumua wote pamoja, nilisikia.

Basi nikawauliza: ikitokea, mnafanya nini? Saidi akajibu kama nimeuliza jua linatoka wapi. "Tunatuma muntu."

Nimelichukua hilo. Neno la tano: MTU ANAKUJA. Halisemi zaidi. Na halitapelekwa kwa mke wala kwa mama. Msafiri mwenyewe, kabla ya kuvuka mto, atamtaja mtu mmoja wa kulipokea, na huyo ataenda kukaa na familia mpaka mwenye miguu afike. Hata kama njia itafungwa.

Leo nimeanza kuwauliza. Neno la tano tumpe nani? Wanacheka, wanatema mate chini, wananiambia, "Yaya, unanitakia nini?" Halafu wanafikiri. Wanafikiri sana. Mmoja alitaja rafiki yake waliyegombana naye. Saidi akanitaja mimi.

Jumanne, 16 Septemba

Nimetetea.

Niandike kabla sijachoka. Ukumbi ulijaa. Juri ya watu watatu: Prof, mama mmoja mwalimu wa takwimu, na mzee wa uhasibu aliyesinzia. Yaya Zaina alikaa nyuma kabisa na kilemba chake, mikono imekunjwa. Honoré alishika waya wa projekta ili usichomoke.

Nilieleza visanduku, mishale, gharama, vituo. Kisha nikawaonyesha mfumo wenyewe ukutani, majina ya wasafiri na rangi zao. Nilikuwa nimesahau. Au sikusahau. Sikuwa nimeweza kuligusa lile jina.

Prof akanyoosha kalamu. Kwa ufundi tu, bila ubaya, hakujua. "Huyu wa njano. Amechelewa tangu Aprili? Madame, hiyo ni data chafu. Ungeisafisha kabla ya kuja mbele ya juri."

Nikashika meza.

Kutoka nyuma ikaja sauti ya soko. "Ule njo ndugu yangu."

Ukumbi mzima ukageuka. Mzee wa uhasibu akaamka. Yaya Zaina alikuwa amesimama. "Ule haiko chafu. Ule njo bwana yake. Mumuache kwanza akunywe maji."

Nikanywa maji. Prof aliweka kalamu chini. Akasema pole, taratibu, akarudia. Nikawaeleza yote, Alhamisi ile, kilima, maneno manne, miguu ya Saidi. Nikawaeleza neno la tano.

Mama wa takwimu akauliza, "Lakini kila mtu atajua maana yake. Sasa tofauti na kuandika kifo ni nini?"

Nikamjibu: Neno la kifo linamkuta mtu peke yake jikoni. Hili linamkuta na dada yake.

Akauliza, na njia ikifungwa mwezi mzima? Nikasema, dada atakaa naye mwezi mzima. Bila kujua kwa hakika? Nikasema ndiyo. Sisi tungekaa. Tungekuwa tumekaa.

Prof akafunga daftari lake.

Nimepita. Wamesoma alama kwa sauti, watu wakapiga vigelegele, wakanimwagia poda kichwani kama ilivyo desturi. Nilitafuta mwavuli kwenye mlango. Hakukuwa hata na mvua.

Jumatano, 17 Septemba

Ofisini mapema. Nimefungua jina la Amisi. Mfumo unadai neno moja kati ya matano, haukubali pengo. Hakuna linalomfaa. Nimeketi nalo mpaka wenye moto wakaanza kubisha dirisha.

Nimeliacha lilivyo. Prof aniwie radhi.

Jumapili, 23 Novemba

Asubuhi, kutoka Pangi. Jina la mwanaume ninayemjua kwa sura tu, mwenye baisikeli ya mizigo. MTU ANAKUJA.

Ndilo la kwanza. Nikaangalia aliyemtaja: mama yake mdogo, anakaa nyuma ya reli. Nilifunga ofisi nikaenda mwenyewe, sikupiga simu. Aliponiona mlangoni alikaa chini. Akafunga kitenge, akachukua ndala, tukaenda pamoja.

Mke ni kijana. Alikuwa uwanjani, ungo mapajani, anachambua mchele. Alituangalia mmoja mmoja. Alisogea, akatupa nafasi kwenye mkeka, mmoja kulia, mmoja kushoto. Mama mdogo akavuta ungo kidogo upande wake, akaanza kutoa mawe.

Tulichambua mpaka mchele ukaisha. Mke akaingia ndani akaleta mwingine.

Mtu bado hajafika. Nimerudi kumlaza Salima. Kesho nitakwenda tena.